Binti anasinzia mchana kutwa kwa dawa ya kifafa. Tumwachishe?

Swali, kutoka Bahi, Dodoma: Habari za kazi mfamasia. Binti yangu ana miaka 22 na mtoto wa miaka miwili. Alianza kuanguka kifafa akiwa kidato cha pili. Mwezi wa pili mwaka huu alianzishiwa fenobabitoni ya miligramu 30, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Tangu mwezi wa tatu hajaanguka tena. Ila amekuwa mtu wa kusinzia, anasahau, na hasira ziko karibu, wakati zamani alikuwa mpole. Juzi kasinzia jikoni mpaka ugali ukaungua. Jirani ananiambia hizo ni dawa za usingizi za Mirembe, zitamla ubongo na kumfunga kizazi. Mwezi uliopita tulikuwa msibani Manyoni, dawa tukazisahau nyumbani, akakaa siku tatu bila kumeza na hakuanguka. Nikawaza labda amepona. Je, tumwachishe? Dawa nyingine hana, ni vidonge vya majira tu.

Jibu:

Mbukwa mama, na shikamoo.

Msimwachishe. Naliweka hili mbele ya maelezo yote. Usiku wa leo ameze dawa yake kama alivyoandikiwa, na kesho vilevile, mpaka mtakapoonana na daktari wake. Baada ya hapo tukae tuzungumze, maana shida aliyonayo binti ni ya kweli na inarekebishika.

Nimeyasoma maneno yako mara tatu. Usingizi wake haukunishtua. Kilichonishtua ni mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: zile siku tatu za msibani, na hivyo vidonge vya majira.

Nianze na Manyoni. Fenobabitoni ni dawa ya polepole kuliko dawa nyingi unazozijua. Panadoli ukiimeza asubuhi, jioni imeshatoka mwilini. Hii ukiimeza leo, kwa mtu mzima huchukua siku 3 hivi, kwa wengine hadi 5, ndipo nusu yake iwe imetoka. Fikiria pipa la maji lenye tundu dogo chini, nawe kila siku unamimina ndoo moja. Siku za kwanza maji yanapanda, kwa kuwa yanayoingia ni mengi kuliko yanayovuja. Kadiri yanavyopanda ndivyo tundu linavyovuja kwa nguvu zaidi, mpaka yanafika mahali yanatulia, yanayoingia yamelingana na yanayotoka. Kwa dawa hii, kufika hapo ni kazi ya wiki 2 hadi 3. Ndiyo maana binti alianza kumeza mwezi wa pili na kuanguka kukakoma mwezi wa tatu. Pipa lilikuwa bado linajaa.

Sasa mkaenda msibani, ndoo zikasimama siku tatu. Pipa halikukauka. Lilibaki nusu au zaidi kidogo, na hiyo nusu ndiyo iliyomshika binti pale Manyoni. Mngekaa siku 6, ingebaki kama robo. Mngekaa wiki mbili, kisingebaki cha maana, na hapo mngeona jambo ambalo sitaki mlione.

Dawa hii hufanya kazi kwa kuiongezea nguvu breki ya ubongo. Ubongo wa kila mtu una kemikali ya kutuliza, inayozuia seli zisifyatuke zote kwa pamoja, na mfyatuko huo wa pamoja ndio tunaouona mtu anapoanguka na kukakamaa. Fenobabitoni inaikazia hiyo breki. Ubongo ukishazoea kusaidiwa hivyo miezi kadhaa, ukinyang'anywa msaada kwa ghafla hausimami pale ulipokuwa kabla ya tiba. Unafyatuka kwa nguvu kuliko zamani. Mtu anaanguka, na kabla hajarudiwa na fahamu anaanguka tena, na tena. Hicho ni kifafa kisichokata, na kinaua. Anayepona anaweza kubaki na ulemavu.

Nilipokuwa naanza kazi, katika hospitali moja ya huku kanda ya kati, mzee mmoja alimleta kijana wake akiwa amelazwa kwenye mkokoteni wa punda. Walipomaliza kumpokea kijana wodini, mzee alikuja dirishani kwangu, akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe kumi na kimoja. Zahanati ya kijijini kwao ilikuwa imeishiwa, naye akawa anavigawa ili visiishe: kwanza kimoja badala ya viwili, halafu leo ampe, kesho asimpe. Alikuwa anavitunza kama mtu anavyotunza mbegu akisubiri mvua. Siku kumi za mwanzo kijana alikuwa mzima, akachunga ng'ombe, na mzee akaamini mgao wake unafanya kazi. Kisha akaanguka mara nne usiku mmoja, ya mwisho mkono ukiwa kwenye mafiga. Nilivihesabu vile vidonge, nikavihesabu tena, kwa sababu sikujua nimwambie nini mzee wa watu aliyekuwa amejitahidi hivyo. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya pipa. Tangu siku ile, sijampa mtu fenobabitoni bila kumweleza.

Kwa hiyo, mama, binti anameza vidonge vitatu kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Vikibaki 42, hizo ni wiki mbili, anzeni safari ya kufuata vingine. Msisubiri kopo lilie. Huko Bahi unajua mwenyewe mvua zikishika, kati ya Desemba na Aprili, korongo likijaa hakuna bodaboda inayopita. Kabla ya majira hayo ombeni mpewe dawa za muda mrefu kidogo. Hii ni dawa inayodhibitiwa, iko kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo msitegemee kuipata bila cheti kwenye duka lolote la jirani. Mkisafiri, iwe msiba iwe harusi, vidonge vya siku zile na vya siku chache za ziada vifungwe kwenye mkoba kabla ya nguo. Akisahau dozi moja, aimeze akikumbuka. Kama muda wa nyingine umeshafika, aendelee na hiyo tu, asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Sasa usingizi.

Jirani yako kasema kitu chenye ukweli nusu. Fenobabitoni ilianza kama dawa ya usingizi. Ilitoka Ujerumani, ikauzwa kwa jina la Luminal, na mwaka 1912 daktari kijana wa mji wa Freiburg, Alfred Hauptmann, aliyekuwa akiishi kwenye jengo lilelile la wodi, aliwapa wagonjwa wa kifafa ili watulie usiku. Akaona ajabu: waliacha kuanguka usiku, na hata mchana wakawa hawaanguki kama mwanzo. Tangu hapo hii ni dawa ya kifafa, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hapa kwetu, Daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiyo dawa aliyoitegemea. Aliwakuta watu waliokuwa wakila peke yao, kwa vile ndugu waliogopa mate yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Kidonge hikihiki kidogo cheupe kikawarudisha wengi kwenye sinia moja na wenzao.

Kuhusu Mirembe, ni kweli kifafa kinahudumiwa kwenye kliniki za afya ya akili mahali pengi Tanzania, na hospitali ile imekuwapo tangu mwaka 1927, kwa hiyo watu wa Dodoma wameunganisha mambo hayo vichwani mwao. Lakini kifafa ni ugonjwa wa umeme wa ubongo. Binti yako si mwendawazimu, na kumeza dawa hii hakumfanyi kuwa. Mwambie jirani kwa upole, maana binti anayasikia hayo maneno, na mgonjwa anayeonea aibu dawa yake ndiye anayeiacha kimyakimya.

Haya. Kusinzia wiki za kwanza ni kawaida, na kwa wengi hupungua mwili ukizoea. Lakini miezi imepita, na binti bado anasinzia mbele ya chungu cha ugali. Hiyo siyo kawaida ya kuvumilia. Kuna vitu vitatu vya kuangalia, na vyote vinahitaji mdomo wako kliniki.

Cha kwanza ni mpangilio. Kwa sababu dawa hutoka polepole hivyo, mtu mzima hana haja ya kuigawa mara tatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuimeza mara moja kwa siku, wakati wa kulala. Naona "kutwa mara tatu" kwenye vyeti vingi, nadhani ni mazoea ya kalamu, na kila nikiiona naipigia simu zahanati. Muulize daktari: je, vyote vitatu vinaweza kuhamia usiku? Usitarajie muujiza, maana pipa lenyewe linabaki na maji yaleyale usiku na mchana, lakini ule uzito unaokuja saa chache baada ya kumeza utaangukia kwenye saa za kulala, na kidonge cha mchana, ambacho husahaulika kuliko vyote, kitakuwa hakipo.

Cha pili ni kiwango. Watu wazima huanzishwa miligramu 60 kwa siku, na wengi huishia kati ya 60 na 180. Binti yako yuko kwenye 90, si kiwango kikubwa, lakini miili inatofautiana. Mwili mwembamba, ini au figo zisizofanya kazi vizuri, na maji yanajaa pipani kuliko ilivyokusudiwa. Daktari amtazame anavyotembea: anayumba? Macho yanachezacheza akitazama pembeni? Maneno yanakokoteka kama ya mlevi? Hizo ni dalili kwamba dawa imezidi, na kiwango kitashushwa kidogokidogo. Afanye daktari. Msipunguze nyumbani.

Cha tatu ni kinachoongezwa juu yake. Piritoni ya mafua, valiamu, dawa za maumivu makali kama tramadoli, na pombe, vyote hivi vinalaza ubongo, na vikikutana na fenobabitoni havijumlishani tu, vinaweza kuzima pumzi. Najua mko karibu na mashamba ya zabibu, na huku kwetu hakuna sherehe isiyokuwa na chungu cha pombe. Binti asinywe. Tramadoli ina ubaya wa pili: inaweza yenyewe kumwangusha mwenye kifafa. Hata sipro, ile dawa ya tumbo na mkojo ambayo watu hujinunulia dukani, inaweza kufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Kila mahali anapoandikiwa dawa, aanze kwa kusema: "Natumia fenobabitoni."

Kusahau na hasira navyo vinatokana na dawa hii, ingawa kifafa chenyewe huchangia, na kunyimwa heshima mtaani huchangia. Kwa watoto wadogo huwa wazi zaidi: badala ya kusinzia, mtoto anakuwa hatulii, anarukaruka, anapiga wenzake, na wazazi wanadhani amepandwa na kitu. Kwa mtu mzima huja kama ukali mfupi mfupi, au kama huzuni isiyo na jina. Hapo nakuomba jambo, mama. Muulize binti mkiwa wawili, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke kesho yake, na dawa zote za nyumbani uzishike wewe.

Nije kwenye kizazi, maana hapa jirani yako amekosea kabisa, na kosa lake limefunika hatari iliyo kinyume chake.

Fenobabitoni haifungi kizazi. Inachofanya ni kuliamsha ini. Ini ndilo jiko la mwili la kuvunjavunja dawa, na dawa hii inaliongezea wafanyakazi. Wafanyakazi wale hawachagui cha kuvunja. Wanavunja na homoni zilizomo kwenye vidonge vya majira, kabla hazijafanya kazi yake. Kwa hiyo binti yako anameza kila siku, hakosi, anajua yuko salama, na kumbe kinga yake imepungua nguvu. Anaweza kushika mimba wakati wowote. Kama amekosa siku zake, kipimo cha mimba kifanyike kabla ya jambo lingine lolote.

Vijiti vya mkononi vina shida hiyohiyo, homoni zake ni chache na ini lililoamshwa linazimaliza. Hata vile vidonge vya dharura ambavyo vijana huviita P2 hupungua nguvu. Kinachobaki imara ni kitanzi, kwa kuwa kinafanya kazi mlemle kwenye mji wa mimba na hakipiti kwenye ini, na sindano ya miezi mitatu, kwa kuwa dozi yake ni kubwa ya kutosha. Mimi kwa binti wa umri wake ningeshauri kitanzi. Sindano ikitumika miaka mingi inapunguza uimara wa mifupa, na fenobabitoni nayo inafanya hivyo, sioni sababu ya kuzibebesha zote mbili mifupa ile ile. Lakini hilo ni lake kuchagua. Wakati anasubiri kubadilisha, yeye na mwenzake watumie kondomu.

Nisisitize kwamba kutaka mtoto mwingine siku moja si kosa, na kifafa hakimzuii. Ila mimba yake inatakiwa ipangwe. Fenobabitoni inaongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro, hasa ya moyo au mdomo wa sungura. Wengi wanazaliwa salama. Daktari akijua mapema atamwandikia asidi ya foliki, mara nyingi miligramu 5 kwa siku, kipimo kikubwa kuliko kile cha kawaida cha wajawazito, aanze kabla ya kushika mimba. Anaweza pia kumhamishia kwenye dawa iliyo salama zaidi kwa mimba, kama lamotrijini au levetirasetamu, zikipatikana. Wakitaka kumpa valproeti, aulize mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtoto aliye tumboni. Na akijikuta ameshashika mimba, asiache dawa kwa hofu. Kifafa kisichokata kinaweza kuondoka na mama na mtoto. Aende kliniki, ajifungulie hospitali, na mtoto achomwe sindano ya vitamini K mara tu anapozaliwa, kwa kuwa watoto wa mama wanaotumia dawa hii huweza kuvuja damu. Kunyonyesha inawezekana, mtoto akiangaliwa: akilala kupita kiasi au akinyonya kivivu, arudishwe.

Ini hilohilo lililoamshwa lina mengine. Nayasema kwa kifupi kwa sababu hayamhusu binti yako leo, lakini yanaweza kumhusu kesho. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri lazima aseme, kwani fenobabitoni inapunguza nguvu yake, na daktari atabadili dawa ya kifafa au atarekebisha kipimo. Anayetumia wafarini, vivyo hivyo. Dawa ya mseto ya malaria nayo inaweza kupungua nguvu. Akipimwa akakutwa na malaria, ameze mseto wote, lakini homa isipokata baada ya siku tatu arudi apimwe tena, asiambiwe "subiri itakwisha".

Sasa dalili za kukimbia nazo hospitali. Upele unaotokea pamoja na homa, midomo kuchubuka, vidonda kinywani au sehemu za siri, macho kuwa mekundu yenye maumivu, ngozi kutoka malengelenge. Hii hutokea zaidi wiki za kwanza, binti kashavuka kipindi hicho, lakini kama kuna ndugu yeyote anayeanza, mjue kwamba hapo ndipo peke yake ninaposema usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali saa hiyohiyo wakabadilishe dawa. Macho kuwa ya njano, damu kutoka fizi bila sababu, au koo na homa visivyoisha, hivyo navyo ni vya siku hiyohiyo.

Na kuna mtoto wa miaka miwili nyumbani. Vidonge vyenu ni vidogo, vyeupe, vinafanana na pipi. Mtoto wa umri ule akimeza vichache tu, pumzi inaweza kusimama, na hatuna dawa ya kuigeuza sumu hiyo, tunachoweza hasa ni kumsaidia kupumua mpaka pipa lijitoe lenyewe. Kopo lifungwe, liwe kwenye sanduku lenye kufuli, lisikae juu ya kitanda wala chini ya mto.

Jikoni nako. Mpaka usingizi urekebishwe, binti asipike peke yake na asipike huku mtoto yuko mgongoni. Kama mnatumia mafiga, inueni jiko kwa matofali hadi kiunoni na mligeuzie ukutani, mtu akianguka asiangukie motoni. Maji ya kisimani na mtoni asifuate peke yake. Akianguka: mlaze ubavu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu wala mafuta ya taa, usimshike kwa nguvu. Povu lake haliambukizi, mshike. Zikipita dakika 5 hajaacha kukakamaa, au akianguka mara ya pili kabla hajazinduka, tafuta usafiri.

Uliuliza pia, kwa maneno mengine, kama atameza milele. Si lazima. Daktari huanza kufikiria kumwachisha mgonjwa akishakaa angalau miaka 2 bila kuanguka hata mara moja, na hata hapo kiwango kinashushwa kwa miezi, kidogo, kusubiri, kidogo tena. Binti ana miezi tu. Kwenye miaka hiyo aote jua la asubuhi, mnalo jingi huko, ale na dagaa na maziwa pale yanapopatikana, kwa ajili ya mifupa, na bega likianza kukaza au mifupa ikimuuma aseme.

Kama hawajawahi kuuliza chanzo, waulizeni. Kifafa kinachoanza kidato cha pili kinaweza kutokana na mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini, yakaanguliwa, na wadudu wake kutulia kwenye ubongo, jambo linalojulikana katika maeneo yetu yanayofuga nguruwe wa kuzurura. Mtu huyapata kwa maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, hata kama yeye hali nguruwe. Kipimo cha picha ya kichwa kipo hapa Dodoma mjini. Na msimpe dawa ya tegu kwa kujinunulia, maana uvimbe unaotokea mdudu akifa ndani ya ubongo unaweza kumwangusha vibaya.

Nendeni kliniki wiki hii. Chukueni kopo la dawa lenye vidonge vilivyobaki, vidonge vya majira na kadi yake, na karatasi moja ya daftari ambayo binti ameandika kwa mkono wake saa anazosinzia siku hizi, siku alizokosa dozi, na tarehe ya mwisho ya hedhi. Mwelezeni daktari na habari ya Manyoni, msimfiche. Halafu, mama, mkifika mlangoni umruhusu binti aingie peke yake kwanza, wewe ukae kwenye benchi la nje dakika chache. Hayo ya vidonge vya majira, na hayo ya huzuni kama ipo, binti wa miaka 22 hayasemi yote mbele ya mama yake. Akimaliza atakuita.